Kabati la Joto la Mwenyekiti

Nunguni, Kilungu,
Kaunti ya Makueni.
27 Agosti 2024

Mpendwa wifi yangu Mwongeli,

Pokea salamu nyingi kutoka milimani, na uzipokee zikiwa moto kwa maana baridi tunayo ya kutosha. Hujambo? Shemeji Kiama hajambo? Mutie na Kaveke, hao watoto wenu wa theluji, bado wanarefuka au wameshafika dari? Na mgongo wako, ule ulioumia ukiwainua wagonjwa, umepona? Nijibu hilo la mgongo kabla ya mengine, maana wewe ukiulizwa habari za afya hujibu habari za hewa.

Sisi huku tu wazima, namshukuru Mungu. Magoti yangu hulalamika asubuhi lakini yakiona chai yananyamaza. Mvua ya mwezi wa nne ilinyesha kama imetumwa, maharagwe mengine yakaozea shambani, ila miparachichi imebeba mpaka matawi yanataka mikongojo. Ungekuwa karibu ungekula hadi useme basi.

Mzigo wako ulifika salama. Wacuka, rafiki yako, aliuleta mwenyewe mpaka hapa kwangu, na alipouliza ni nini, nikamwambia ni nyaya za kupasha nyoka joto. Alimalizia chai yake akiwa amesimama mlangoni. Ni mwanamke mwema sana, umwambie nimesema hivyo, na kwamba akirudi nitamkaribishia nje.

Sasa kaa chini nikueleze mzigo wako ulifanya nini. Wasomee watoto kwa sauti. Na kwa kuwa walimwona mjomba wao mara moja tu, nitaanza mbali kidogo ili wasipotee.

Kaka yako Kitheka, Mungu amlaze pema, alifanya kazi miaka mingi kwenye bustani ya nyoka huko pwani. Alipostaafu hakuleta saa ya ukutani kama wastaafu wengine. Alileta leseni ya wanyamapori na masanduku ya nyoka wasio na sumu. Akawa anazunguka shule za Makueni na Kitui kuwafundisha watoto nyoka yupi wa kukimbiwa na yupi wa kuachwa ajipitie. Alipofariki watu walidhani nitawamwagia mafuta ya taa niwachome wote. Badala yake niliomba leseni iandikwe jina langu, na siku hizi mimi ndiye ninayeitwa shuleni. Mama wa kanisa mzima, skafu kichwani, Biblia kwenye kiondo kimoja na nyoka kwenye kiondo kingine. Ukicheka, cheka polepole, mgongo.

Kati ya hao nyoka yuko mmoja jike wa mchangani, mfupi mnene, rangi ya chungwa lililoiva na madoa ya kahawia. Mkia wake ni butu, na watoto wa shule hubishana kichwa kiko upande gani. Kitheka alimwokoa kule kwetu Mutomo kwa mkulima aliyekuwa ameshainua jembe. Mimi ndiye niliyempa jina Mwenyekiti, kwa sababu hasemi, hahami, na kila mtu humwogopa bila sababu. Kaka yako alipougua mwisho mwisho, mikono yake ikiwa haina tena nguvu ya kushika kikombe, bado alitaka awekewe Mwenyekiti kifuani. Ndiye nyoka wa mwisho aliyemshika. Tena yeye na mimi sote ni wa Mutomo, tumezaliwa kwenye jua kali tukaletwa kwenye ukungu huu na mwanamume mmoja. Unaelewa basi kwamba kwangu huyo si nyoka tu.

Zamani masanduku yao yalikaa jikoni karibu na mafiga, na moto wa kuni haukulala. Kisha binti yangu Nthenya, kwa mapenzi yake, akaninunulia jiko la gesi ili moshi usinimalize macho. Macho yakapona, lakini jikoni pakapoa. Mwezi wa sita ukungu uliposhuka ukakataa kuondoka, Mwenyekiti akaacha kula, na ukimshika ni baridi kama kijiko cha bati. Nikadhani ni uzee. Nikampigia daktari wa wanyama, yule aliyesoma na Kitheka mambo ya nyoka, akaniuliza kama amewahi kukaa na dume. Nikakumbuka kwamba tangu Pasaka nilikuwa nimemweka sanduku moja na dume kwa kukosa nafasi.

Daktari akacheka, halafu akaacha kucheka. Aliniambia nyoka wa aina hii hatagi mayai. Hubeba watoto tumboni na kuwazaa wakiwa wazima, na asipopata joto chini ya tumbo lake watoto hufia humo ndani, mara nyingine na mama yao naye. Hapo ndipo nilipokupigia simu nikilia mpaka ukadhani kuna msiba. Nisamehe kwa hofu ile. Lakini ni wewe uliyesema kuna nyaya za joto huko kwenu na kidude cha kukata moto usizidi, na tutengeneze kabati la droo kama wanavyofuga wenzetu. Mungu akuzidishie.

Kabati lenyewe lingeweza kukaa mahali pamoja tu. Bwana wa wanyamapori, anayetoa leseni, siku hizi anataka nyoka wakae chumba chenye kufuli, na nyumba hii ina mlango mmoja wa ndani wenye kufuli, nao ni wa chumba ninacholala. Basi nyoka walihamia kwangu. Wamama wa kanisa hawajui, na wewe usiwaandikie.

Fundi nilikuwa naye, tena bora. Kivuva, mume wa Nthenya, ana karakana yake Matinyani, na kitanda akikitengeneza yeye hakilii hata kikaliwe na harusi nzima. Shida ilikuwa moja. Kivuva anaogopa vitu viwili duniani, nyoka na mama mkwe, na sasa wote wawili tunalala chumba kimoja.

Mutie na Kaveke, hapa sikilizeni vizuri. Kwetu Ukambani kuna heshima inayoitwa nthoni. Mwanamume na mama wa mke wake hupishana kwa mbali. Hawashikani mikono, hawali meza moja, hawatazamani usoni, na chumba anacholala mama mkwe, mkwe hakanyagi hata nyumba ikiungua. Si chuki, ni adabu. Siku hizi wengi wameiacha, na pasta wetu aliwahi kuhubiri kwamba si lazima. Tukasema amina, tukaenda nyumbani tukaendelea nayo.

Kwa hiyo tangu amwoe Nthenya, Kivuva hakuwahi kuvuka kizingiti changu. Akija hukaa kibarazani ameupa mlango mgongo. Chai yake hupelekwa na Nthenya, salamu zake huletwa na Nthenya. Miaka yote hiyo nimemjua mkwe wangu kwa kisogo na kikohozi.

Vipimo navyo vikapita njia hiyohiyo. Kivuva anamwambia Nthenya, Nthenya ananipigia simu, mimi napanda juu ya kitanda na utepe wa kushonea nguo. Nilipima ukuta, nikapima kutoka sakafuni hadi dirishani, nikapima umbali wa soketi ya stima. Nilimpa hata urefu wa kitanda, ambao hakuuliza. Kisha tukangoja.

Alivyokuwa akitengeneza alinitumia picha kupitia Nthenya, na mimi nilizitazama kama mtu anayetazama picha za mjukuu. Fremu ni ya mbao za mgrevilea mkavu, kuta ni plaiwudi. Daktari alikuwa ametukataza mbao zenye harufu kali kwa sababu ya mapafu ya nyoka. Droo zenyewe ni makontena ya plastiki ya kuwekea nguo, niliyoyanunua sokoni mjini Wote, na Kivuva alitoboa matundu ya hewa kwa msumari wa moto, moja moja, akalainisha kila tundu lisije likamkwaruza mtu. Vifuniko hakutaka. Rafu ya juu ndiyo kifuniko cha droo ya chini, na kati yao hakuacha hata nafasi ya kupitisha shilingi, maana nyoka akipata upenyo wa kichwa mwili wote unafuata. Waya wako wa joto aliulaza kwenye mfereji aliouchimba kwa patasi, nyuma tu ya kila rafu, ili upande mmoja wa droo uwe moto na mwingine ubaki baridi, na kila nyoka achague mwenyewe. Haya yote aliyafanya mtu ambaye Nthenya alisema hakuweza kutazama picha ya Mwenyekiti bila kufunika simu kwa kiganja.

Siku ya kulileta, ukungu ulikuwa mzito hadi pikapu ililazimika kuwasha taa mchana. Kabati lilikuwa limefunikwa blanketi nene la kijivu lisichubuke njiani. Evanson, jirani yangu shemasi, alikuja na vijana wake kunisaidia kubeba. Kivuva aliwaelekeza mpaka kibarazani, halafu akageuka, akakaa kwenye kiti chake cha siku zote, mgongo kwa mlango. Mimi nilikuwa nimemvalisha Mwenyekiti sweta yangu ndani ya kikapu na kumkumbatia. Tumbo lake lilikuwa limejaa na halikuwa na joto lolote. Nilikuwa nikimwambia avumilie kidogo tu.

Kabati likapita mlango wa mbele. Likapita sebuleni. Likafika mlango wa chumba changu, likakwama.

Wakaligeuza. Wakalilaza. Wakalisimamisha kwa kichwa. Penye nia pana njia, lakini mlango wangu haukuwahi kusikia methali hiyo. Ndipo tulipojua kosa letu. Tulipima kila kitu cha chumba kile isipokuwa mlango. Fundi wa kawaida hahitaji kuambiwa mlango, kwa sababu yeye mwenyewe hupita humo akiingia kupima. Wetu hajawahi kuupita, na mimi ninayeupita kila siku sijawahi kuuona.

“Nthenya,” Kivuva akasema kutoka nje, “ambia mama kabati iko sawa. Ni mlango ndio ndogo.”

“Mami, anasema mlango ndio ndogo.”

“Mwambie mlango ulikuwa hapo kabla yeye azaliwe!”

“Kivuva, mami anasema—”

“Nimesikia.”

Wifi, hasira zangu unazijua. Evanson akashauri tung'oe fremu ya mlango. Nikamuuliza tukiing'oa kufuli itashika nini, hewa? Akashauri tuliache sebuleni. Sebule haina kufuli, na leseni ikienda, nyoka wote wanaenda. Kilichobaki ni kulifungua kabati vipande vipande, kuviingiza chumbani, na kulifunga upya humo ndani, nyaya na vyote. Na kazi hiyo hakuna aliyeiweza isipokuwa yule aliyekaa nje akitazama zizi la ng'ombe.

Nthenya akaenda kumwambia. Nilimsikia akikataa, na sauti yake haikuwa ya ukaidi, ilikuwa ya mtu anayeomba. “Siwezi ingia kwa chumba ya mama. Baba yangu akisikia huko Matinyani hataniangalia tena. Wewe mwenyewe unajua, Nthenya. Hata wewe hungetaka.”

Nami sikumlaumu. Miaka yote nimesifiwa hapa kijijini kwa mkwe mwenye adabu, sasa nitake adabu hiyo iishe kwa sababu inanisumbua? Nilisimama pale sebuleni na kikapu changu, kabati likiwa limeziba mlango, na Mwenyekiti akajikunja ndani ya sweta polepole sana, kama mtu anayesogea akiwa usingizini. Daktari alikuwa amesema anaweza kuzaa wiki yoyote. Nilimwona Kitheka kitandani na huyu kiumbe kifuani mwake. Nikasema moyoni, huyu hatakufa kwa sababu ya upana wa mlango.

Ndipo nilipokumbuka maneno ya marehemu mama yenu, mama mkwe wangu, siku moja tukichambua mahindi kwa ajili ya kupika muthokoi. Aliniambia nthoni haivunjwi, lakini hufunguliwa. Mkwe humletea mama blanketi. Mama akilitwaa na kujitanda mabegani mbele ya shahidi, kisha akampa mkwe chakula kwa mkono wake mwenyewe, basi mlango wa nyumba hiyo ni wake kama ulivyo wa watoto wengine. Mama yenu alisema wengi hungoja mpaka uzeeni, na wengine hufa hawajafunguliana.

Nikamkabidhi Nthenya kikapu. Nikalivuta lile blanketi la kijivu lililokuwa bado linaning'inia juu ya kabati, limejaa vumbi la barabara ya Kitui nzima.

“Nthenya, muulize mume wako hili blanketi ni la nani.”

Nthenya akanitazama, akatoka nje, akauliza. Evanson, mtu mzima aliyejua mambo, akavua kofia yake. Nadhani hata ng'ombe aliacha kutafuna. Mwishowe Kivuva akasimama, bado ametupa mgongo, akasema kwa sauti ndogo:

“Mwambie... mwambie ni ya mama.”

Nikajitanda. Nikapiga chafya mara kadhaa, lakini nikajitanda. Nikachukua sahani ya viazi vitamu iliyokuwa mezani na kikombe cha chai, nikatoka mpaka kibarazani, nikasimama mbele yake. Mwongeli, ana macho mazuri yule kijana. Sikuwa nimejua. Nikampa, naye akavipokea vyote kwa mara moja hadi chai ikamwagikia vidoleni mwangu, na hakuna aliyejali. Evanson akasema, “Amina,” kama tuko kwenye ushirika.

“Sasa kula upesi,” nikamwambia mkwe wangu, neno la kwanza nililowahi kumwambia ana kwa ana. “Kuna mgonjwa ndani.”

Halafu nikakumbuka chumba chenyewe kilivyo! Vijana walipolisogeza kabati nilikimbia kama msichana aliyesikia wachumba wako langoni. Nguo za kulalia chini ya godoro, soksi nyuma ya pazia, chupa ya dawa ya magoti ndani ya kiatu. Mpaka leo sijaipata hiyo chupa.

Alipoingia aliangalia sakafu tu, mguu mmoja, kisha mwingine, kama anayevuka mto. Lakini aliposhika bisibisi woga wote ukamtoka. Nilimshikia tochi, maana ukungu ulikuwa umefunika dirisha. Tukaanza kuongea, kwanza kuhusu skrubu, halafu kuhusu mengine. Aliniuliza kama Mwenyekiti huuma. Nikamwambia huyo hata kula amesahau, sembuse kuuma. Baadaye kidogo akaanza kuimba nyimbo za kanisa kwa sauti ya chini, sauti nzito nzuri, akifuatisha na nyundo. Nilisimama na tochi yangu nikasikia uchungu. Miaka yote hii nilikuwa na mkwe anayeimba hivyo, na sikujua.

Jioni kabati lilikuwa limesimama ukutani, limelingana na utepe wangu kila upande. Tukachomeka kidude chako. Hapo niliharibu kidogo. Niliona namba zinapanda, sitini, sabini, themanini, nikapiga kelele nikachomoa waya, kwa maana maji huchemka kwa mia na nyoka wangu alikuwa anaelekea kuwa supu. Kumbe kidude chako kinahesabu joto kwa kipimo cha huko ng'ambo. Ulipocheka kwenye simu nilikata si kwa hasira, nilikata kwa aibu. Daktari alitueleza namba sahihi, na Kivuva ameiandika kwa kalamu ya fundi ubavuni mwa kabati ili mama asitutie wazimu tena.

Nilipomwingiza Mwenyekiti kwenye droo yake alikaa palepale nilipomweka. Kisha ulimi ukatoka, ukaonja hewa, akaanza kujivuta kuelekea nyuma kwenye joto. Alipofika alijinyoosha tumbo lote chini, akatulia. Mimi ni mtu wa Mutomo, na najua utulivu ule. Ndivyo ninavyokaa mwenyewe nikienda kwetu Desemba na kuketi kwenye jiwe lenye jua. Usiku ule nililala fofofo kwa mara ya kwanza tangu ukungu uanze.

Stima ilipotea mara mbili tu tangu hapo, nami nikafunga chupa za maji moto kwa soksi za Kitheka nikaziweka nyuma ya droo. Wale nyoka wengine wa kahawia nao wamenona. Ila rafu ya chini ilivimba kwa unyevu, droo yake ikaanza kukwama, na Kivuva akasema atakuja na randa.

Alikuja Jumamosi ya juzi. Nthenya akaenda sokoni Nunguni, mimi nikaenda mkutano wa akina mama kanisani, yeye akabaki chumbani akiranda. Tulikuwa tumefika kwenye maombi simu yangu ikalia, namba nisiyoijua. Akina mama wakanitazama vibaya. Nikatoka nje.

“Mama, ni Kivuva. Kuja. Kuja saa hii. Wanatoka.”

Sikuaga mtu. Nilishuka ule mteremko skafu mkononi, magoti haya haya ninayoyalalamikia, nikisali na kukimbia kwa pumzi moja. Nilipofika alikuwa amepiga magoti sakafuni mbele ya droo, mkono mmoja umeziba upenyo.

“Funga mlango, Mama, watatoroka!”

Nimeamrishwa ndani ya chumba changu, na nikatii. Nikapiga magoti kando yake. Mwongeli, walikuwa wazuri! Wembamba kama penseli, rangi ya mama yao lakini mpya, kama wamepakwa mafuta. Walikuwa wameshaanza kujichimbia kwenye vumbi la mbao. Tuliwahesabu pamoja kwa minong'ono, tukikosea na kuanza upya kwa sababu hawatulii. Kumi na mmoja wakitembea. Na Mwenyekiti amelala katikati yao, amechoka, ulimi unatoka na kuingia, mzima kabisa.

Wa kumi na mbili alikuwa kwenye kona ya baridi, bado na utando wake kidogo, amenyooka bila kusogea. Nikamgusa. Alikuwa baridi. Nikasema, “Huyo ametutoka, mwanangu. Mshukuru Mungu kwa waliobaki.”

Mtu ambaye juzi alikuwa anafunika picha kwa kiganja aliingiza mkono ndani ya droo, akamwokota yule mdogo kwa vidole viwili, akamtoa utando, akamlaza kwenye kiganja na kukifunika kwa kingine. Akapuliza humo ndani pumzi ya moto. Kisha akafungua kifungo cha shati akaiweka mikono yake kifuani. Tukakaa sakafuni, migongo kwenye kitanda changu, mama mkwe na mkwe. Nilitaka kumwambia aache, nikaona midomo yake inatembea, nikajua anaomba. Nikaomba pamoja naye. Kitanda tulichoegemea ndicho alichofia kaka yako, na nitasema ukweli, niliomba mpaka nikamsema Mungu.

Muda ukapita. Kisha Kivuva akashtuka.

“Mama. Imenisukuma.”

“Imefanya nini?”

“Imenisukuma na kichwa. Hapa!”

Akafungua viganja polepole, na kile kitu kidogo kikainua kichwa chake, kikatoa ulimi mwembamba kama uzi, kikamwonja kidole gumba. Nilipiga kigelegele ambacho nadhani kilifika Matinyani. Halafu nikalia, na yeye akalia, tukacheka, na Nthenya aliporudi na vikapu vyake alitukuta hivyo sakafuni, kamasi na vicheko. Alisimama mlangoni akauliza kama tuko sawa. Kivuva akamwinulia kiganja aone.

Siku ile tulikula meza moja, sisi watatu. Wali na kuku, niliyemchinja kwa furaha bila kufikiri kesho. Kivuva alisema yule mdogo aitwe Kitheka. Nikamwambia jina hilo limewekewa mjukuu, kwa hiyo aache uvivu. Nthenya alikasirika kwa uongo. Mtoto wa nyoka ni nyoka, lakini yule mdogo tangu siku ile akisikia sauti ya Kivuva hutoa kichwa, na mkwe wangu anasimulia hivyo Matinyani nzima kama mtu aliyepata mtoto wa kwanza.

Bwana wa wanyamapori nimeshampigia kumjulisha kuhusu watoto, atakuja kuwaandika na kuona wataenda bustani gani wakikua. Mwenyekiti amekula jana. Nilikuwa nimesahau jinsi anavyokula kwa adabu.

Nisalimie shemeji Kiama sana, umwambie parachichi lake lipo. Mutie na Kaveke wabusu kwa niaba yangu hata wakikataa. Wacuka naye salamu, za kutoka mbali kama apendavyo. Nthenya anakusalimu, anasema sweta uliyomtumia imemkaa. Evanson na kanisa wanakuombea mgongo.

Na Kivuva anakusalimu. Amekuja na kunyoosha rafu ya chini, na aliposikia naandika alisema mwenyewe, kwa mdomo wake, “Salimia shangazi Mwongeli.” Namba yake nimeihifadhi sasa kwenye simu. Nthenya aliichukua simu yangu kuona nimeiandika kwa jina gani, akaangalia, akanirudishia, akaenda kusimama jikoni kidogo. Nimeandika Mwanangu.

Mungu awafunike huko baridini kwa mkono wake wenye joto, wewe na nyumba yako yote.

Ni mimi wifi yako nisiyechoka kukupenda,

Nduku wa Kitheka